Ng'ombe wa Majani wa Onsongo

Ukitoka Nyamira mjini ukishika njia ya Sironga, miaka ile ya sabini, ulikuwa huwezi kupita boma la Onsongo bila kugeuza shingo. Hata wale wanaojifanya wameimaliza dunia, waliofika Mombasa wakarudi na kofia, nao waligeuza. Ua wake wa miti ya saipresi ulikuwa kando ya barabara, na juu ya ua huo walitembea ng'ombe. Ng'ombe wa majani mabichi, wanene, wenye nundu na pembe na mikia, mmoja nyuma ya mwingine, kana kwamba wametoka mtoni wanarudi nyumbani. Sisi watu wa Sironga tuliwaringia kana kwamba tuliwazaa. Mgeni akisema kwao kuna ziwa, tulimwambia kwetu kuna ng'ombe wasioumwa na kupe. Hapo alikunywa chai yake kimya.

Mwenye ng'ombe, lakini, hakuringa. Hilo liliwashangaza wengi, maana mwanamume wa kwetu akichimba hata choo kizuri atawapitisha wageni wakikague. Onsongo akisifiwa alitazama viatu vyake. Siku ambayo hakuvaa viatu alitazama vidole, akasema, "Ni miti tu hiyo," kisha akaingia ndani ya shamba lake la chai kuchuma kama mtu anayekimbia askari.

Hakuwa mnyenyekevu, usimpe sifa isiyo yake. Alikuwa mtu mwenye deni la machozi, na machozi yenyewe yalikuwa ya dada yake Kemuma.

Wewe unayesoma haya huenda umezaliwa mjini, basi nikueleze kwa upole. Kwetu zamani kijana hakuoa kwa mikono yake. Alioa kwa dada yake. Msichana akiposwa, ng'ombe wanaingia zizini kwa baba; wanapumzika kidogo, wanakula nyasi za wenyewe, halafu wanatoka tena kwenda kumletea kaka yake mke. Kila msichana alikuwa na kaka yake wa namna hiyo, wamefungwa pamoja kama maksai wawili kwenye nira moja. Onsongo alikuwa wa Kemuma.

Alipokuwa kijana Onsongo alifanya kazi Kericho, kwa Mzungu wa chai. Asikudanganye mtu kwamba alikuwa karani. Alikuwa wa bustani. Mzungu huyo alikuwa na wazimu wa kukata miti iwe ndege: hapa bata, pale tausi, na mkia wake wote. Wenzake Onsongo waliona ni upuuzi wa mtu aliyeshiba. Onsongo aliupenda upuuzi huo kuliko mshahara. Alijifunza kufunga tawi kwa kamba liinamie unakotaka, kukata asubuhi majani yakiwa bado na umande, kurudi nyuma na kutazama kabla ya kukata tena. Alilificha pendo hilo, maana utamwambia nani kwamba umelala ukiota bata wa majani?

Aliporudi nyumbani alikuta Kemuma ameposwa na Ombui, mtu wa Nyamache. Ng'ombe wakaja. Kemuma alikuwa bado hajaondoka, na jioni alisimama na kaka yake kwenye mti wa zizi, wakiwapa majina na kuwacheka. Kulikuwa na jike mwekundu, pembe yake moja imeinama hadi sikioni kama anayenong'onezwa habari.

"Huyu ndiye mimi," Kemuma alisema. "Hao wengine ni wa kujaza zizi."

"Basi mke wangu atanunuliwa kwa umbea," Onsongo akamjibu.

"Afadhali. Wewe ungenunua kwa nini? Kwa bata?"

Kumbe alikuwa anajua. Walicheka mpaka baba yao, mzee Ondieki, akawauliza kama wamekula majani ya kuwasha.

Kemuma akaenda Nyamache. Ng'ombe wakaenda upande wa Keroka kwa baba yake Gesare, na Gesare akaja kwa Onsongo. Alikuwa msichana mweusi, mrefu, mwenye mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Ikaonekana dunia imekaa sawa.

Mwaka 1960, mvua za Aprili, mchana kama saa nane, Kemuma alitokea kwenye kijia kilichokata shamba kutoka barabarani. Alikuwa na mtoto mgongoni. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na mkono mmoja aliushika kwa mkono mwingine. Hakulia. Aliketi kwenye kizingiti cha jiko la Gesare, maji yakimtiririka, akamwambia baba yake, "Tata, nimerudi. Sitaki tena kule."

Mzee Ondieki alimtazama binti yake, akatazama mvua. Halafu akafanya jambo ambalo wazee wetu walilijua sana, yaani kumwachia mwingine mzigo.

"Ng'ombe walikuwa wako, Onsongo. Sema wewe."

Ndani ya jiko Gesare alikuwa anasonga ugali wa wimbi. Mwiko ukanyamaza. Alikuwa na mimba ya kwanza, na alijua hesabu hiyo hata bila shule: Kemuma akibaki, Ombui atadai ng'ombe wake. Ng'ombe wako Keroka. Wakiondoka Keroka, yeye Gesare atarudishwa alikotoka, tumbo na vyote.

Onsongo alitazama mlango wa jiko, akamtazama dada yake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Rudi tu, mwana wa mama. Utazoea."

Hayo tu. Kemuma alimtazama kwa lile jicho lililokuwa wazi. Hakutukana, hakuomba. Alikaza kanga ya mtoto, akainuka, akashika kile kijia akarudi alikotoka, mvua ikimpiga, hata maji ya kunywa hakuonja. Mwiko ukaanza tena. Ugali siku ile uliungua, nao waliula hivyo hivyo, hakuna aliyesema umeungua.

Baada ya hapo Kemuma hakukanyaga tena kwao. Baba yao alipokufa alikuja, akasimama upande wa wageni, udongo ulipomalizika akaondoka kabla ya chakula. Alizoea au hakuzoea, Onsongo hakujua. Hakuenda Nyamache kuuliza. Kila mara alikuwa na sababu: chai inachumwa, mtoto wake Moraa ana surua, daraja limebebwa na maji. Mtu mwenye hatia ana sababu nyingi kuliko wakili.

Mashamba yalipopimwa, kila mtu akaambiwa apande ua kwenye mpaka wake. Onsongo alipanda saipresi upande wa barabara, mstari umenyooka kama uzi. Mstari huo ulikipita kile kijia katikati. Miche ikashika, ikafungana, kijia kikaota nyasi kikafa. Ukitaka kuingia kwa Onsongo ulizunguka hadi lango la chini, karibu na mto. Alisema ni mstari ndio uliotaka hivyo. Sawa, tuseme ni mstari.

Ng'ombe wa kwanza alikuja bila kualikwa. Ilikuwa mwaka 1970, Onsongo anakata ua kwa mkasi mkubwa aliorudi nao kutoka Kericho, na mahali pamoja akaparuka, maana kulikuwa na kiota cha ndege. Aliporudi nyuma kutazama, akaona nundu. Chini ya nundu akaona mgongo. Akaufuata mgongo kwa mkasi, polepole, na jua lilipopanda alikuwa amempata ng'ombe kifua na shingo. Akacheka. Alicheka peke yake barabarani kama mlevi, ile furaha ya Kericho imemrudia nzima nzima, inamtekenya vidole.

Halafu akamtambua. Alikuwa dume jeusi lile la mbele, lile lililowaongoza wenzake kuingia zizini siku ya mahari ya Kemuma. Kicheko kikakatika. Akaona aibu, kama mtu aliyekutwa akipiga mluzi matangani.

Mtu mwingine angelikata likawa ua tu. Onsongo hakuweza. Jumapili iliyofuata, maana yeye ni Msabato na Jumamosi haikuwa ya mkasi, alianza wa pili. Alijiambia anawarudisha. Alijiambia kwamba akiwamaliza wote, kila mmoja na kovu lake, kitu fulani kitakuwa kimelipwa. Na hapo ndipo palipomtesa, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa tamu. Hakujua utamu kama huo kwingine. Akishika mkasi alisahau maumivu ya mgongo, alisahau njaa, alisahau hata Kemuma, na akikumbuka kwamba amemsahau aliweka mkasi chini akakaa kwenye nyasi, kichwa mikononi. Kisha akainuka akakata sikio.

Mzee wa kanisa, Nyangau, alikuja kumkagua kwa ajili ya roho yake.

"Onsongo, hii ni sanamu ama ni ua?"

"Ni ua, mzee."

"Mbona una mkia?"

"Umeota."

"Na pembe nazo zimeota?"

"Saipresi ya huku ni kali, mzee. Ni udongo."

Nyangau alizunguka, akapapasa nundu kwa kidole kama mnunuzi wa mnadani. "Huyu wa tatu ana mimba," akasema, akaondoka ameridhika. Tangu siku hiyo kanisa halikusema kitu, ila wenye wivu walisema mzee alitaka ndama.

Mwekundu mwenye pembe iliyoinama aliachwa kuwa wa mwisho. Onsongo alimkata pale palipokuwa kijia, miti ya hapo ikiwa imenawiri kuliko yote. Akamfunga pembe kwa kamba ya mgomba misimu miwili mpaka ikashika kuinama yenyewe. Alikuwa mzuri huyo. Ukipita kwa haraka ungeapa amekutega sikio. Wenzake walikuwa ng'ombe. Huyu alikuwa mtu.

Siku alipomaliza pembe, Gesare alimletea uji pale pale barabarani, akasimama na kikombe bila kukitoa.

"Baba Moraa, nikuulize. Hawa ng'ombe walienda wapi, wale wenyewe?"

"Unajua walikoenda."

"Walienda kwa baba yangu. Walitoka hapa ndipo mimi nikaja. Sasa ukiamka kila Jumapili kuwalilia, unamlilia nani?"

"Siwalilii. Nakata ua."

"Unawarudisha. Na wakisharudi wote, mimi nirudi wapi?"

Onsongo aliweka mkasi chini. Miaka yote hiyo alidhani hatia ni yake peke yake, ameikalia kama kuku. Hakuwahi kufikiri kwamba mkewe naye aliusikia ule mwiko wake uliponyamaza, na kwamba alilala nao.

"Mimi nilisikia," Gesare akasema. "Ningetoka nikasema, abaki. Nilikuwa na mdomo. Nilisonga ugali." Akampa kikombe. "Kunywa, unapoa."

Tangu hapo alikata ua na hatia mbili. Lakini alikata.

Mwaka 1978, Novemba, siku ya soko, Onsongo alikuwa juu ya ngazi akinyoosha mgongo wa lile dume alipomwona mwanamke amesimama barabarani. Mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani, mwavuli umefungwa mkononi. Alikuwa anatembea kando ya ua polepole, akisimama kwa kila ng'ombe, kama mtu anayepokea mahari. Onsongo alimjua kwa namna alivyoushika mkono mmoja kwa mwingine.

Aliogopa jambo moja, na aliliogopa vibaya. Kwamba dada yake ataona amedhihakiwa. Ng'ombe wake, jicho lake lililovimba, mvua yake, vimewekwa barabarani wapita njia wacheke. Na je, si kweli? Si walicheka? Si yeye mwenyewe alicheka, siku ya kwanza?

Kemuma alifika kwa mwekundu. Akainua mwavuli, akaigusa pembe kwa ncha yake.

"Ilikuwa upande wa kushoto," akasema.

Onsongo alishuka, akamwamkia. "Bwakire, mwana wa mama."

"Pembe iliyoinama ilikuwa ya kushoto. Umeweka kulia."

"Nilikuwa nawatazama kutoka upande wa zizi."

"Na mimi nilikuwa upande gani? Tulisimama pamoja." Akamgeukia. Jicho lile lilikuwa limepona, ila kope yake ilibaki imelegea. "Watu wa Nyamache wananiambia, kaka yako ana ng'ombe wa ajabu. Nikajua ni wangu kabla ya kuona. Wengine huna."

"Nikiwakata wote chini leo, utaridhika?"

"Usinipe kazi ya kuamua. Nilishawahi kuona mtu akipewa kazi hiyo."

Onsongo akatazama viatu vyake. Alikuwa amevaa, kwa bahati.

"Natafuta njia," Kemuma akasema. "Kulikuwa na njia hapa. Nimekwenda mbele, nimerudi, naona ng'ombe tu. Umefunga boma la tata kwa ng'ombe wangu, mimi nipitie wapi?"

"Lango liko chini, mtoni."

"Mtoni." Alilisema neno hilo kama anayetema mbegu. "Esnah anaolewa Desemba. Yule niliyekuwa naye mgongoni. Kijana anaonekana mzuri, lakini hata Ombui alionekana mzuri. Sikuja kwa ajili ya ng'ombe anayepewa mjomba kwenye mahari, huyo umle mwenyewe. Nimekuja kumtafutia mahali, niweze kumwambia: ukikimbia, kimbilia hapa. Sasa akija na mvua, na mtoto, na jicho moja, azunguke hadi mtoni?"

Hapo Onsongo alielewa anachoombwa. Njia ilipita chini ya tumbo la mwekundu. Hakukuwa na pembeni. Na saipresi si mti wa kusamehe: ukiikata hadi kwenye kuni haioti tena.

Nitakuambia ukweli juu yake, ingawa haumpendezi. Alisita. Dada yake amesimama pale, na yeye anawaza labda apitishe njia kwa yule wa tatu, mwenye mimba, ambaye hakumtoka vizuri. Aliwaza hivyo, na mdomo ulikuwa unafunguka wenyewe, kama siku ile. Safari hii aliufunga. Akaenda nyumbani akachukua panga na shoka, mkasi akauacha kwenye nyasi.

Gesare alitoka jikoni alipoona shoka. Alimwona Kemuma ng'ambo ya majani, wakatazamana kupitia miguu ya ng'ombe, mmoja ndani, mmoja nje.

"Wifi," Gesare akasema.

"Wifi."

Onsongo alikata. Kwanza pembe, ile aliyoifunga misimu miwili; ilianguka barabarani bado imeinama. Kisha kichwa. Kisha kifua. Utomvu ulimshika mikononi, na harufu ya saipresi ikajaa mahali pote. Alilia, na si kwa ajili ya Kemuma tu, hilo ndilo lililomwaibisha hata akiwa katika kulia: alikuwa anamlilia ng'ombe. Kemuma aliona, nadhani, maana hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia asante. Gesare alikuja akashika matawi, akaanza kuyavuta pembeni. Vilipobaki visiki tu, Kemuma aliinamisha kichwa, japo hakukuwa tena na kitu cha kumgonga, akapita.

Hakuenda nyumba kubwa. Alinyoosha moja kwa moja hadi ghala la Gesare, akafungua, akajaza kitambaa chake wimbi bila kuuliza. Ni haki hiyo. Dada aliyekuletea mke haombi ruhusa kwenye ghala la mke huyo, na Kemuma alikuwa hajaidai haki yake hata siku moja. Gesare alisimama akimtazama anavyochota. Akamletea kikapu.

"Kitambaa hakitoshi, wifi. Chukua na la chini, ndilo zuri."

Onsongo alisimama mlangoni mwa ghala, mikono imenata. "Kemuma. Siku ile nilisema…"

"Najua ulichosema. Nilikuwepo." Akainua kikapu akakiweka kichwani. "Sikuja kusamehe. Nimekuja kuchukua wimbi."

Akatoka kwa njia yake. Alipofika kwenye pengo alisimama, akatazama nyuma ya dume jeusi.

"Mkia wa huyu ulikuwa mfupi," akasema. "Ulikatwa na fisi. Umesahau?"

"Nimesahau."

"Nitakuja kukuonyesha."

Na alikuja. Kila baada ya mavuno alikuja kwa wimbi, na kila alipokuja alisimama barabarani na mwavuli, akionyesha: hapa punguza, huyu alikuwa na kovu, huyu hakuwa mnene hivyo, sisi hatukuletewa wanene. Onsongo alikata alivyoambiwa. Wakati mwingine walicheka wote wawili, kidogo, na kila walipocheka Onsongo alinyamaza kwanza.

Esnah aliolewa, na hadi leo hajaja akikimbia. Lakini kila Jumapili Onsongo huanza na ile njia kabla ya ng'ombe. Hung'oa nyasi, hufagia majani, hukata vitawi vinavyotaka kufunga. Wapita njia wakimuuliza kwa nini kundi zuri namna hiyo lina pengo, yeye hutazama viatu vyake na kusema palikuwa na mmoja hapo, alikuwa mzuri kuliko wote.

Kisha huinama akafagia tena, ingawa pamekwisha kuwa safi.